Ukurasa wa Mama Mbegu

Tulipoachana wiki iliyopita, Sululu alikuwa hewani. Na kwa kuwa binadamu hawezi kuning'inia angani siku saba, ngoja tumshushe.

Alitua kifudifudi juu ya meza ya Afisa Ardhi. Mhuri ukaruka huku, kidau cha wino wa vidole kikaruka kule, na mafaili ya kijiji kizima yakamwagika sakafuni kama mahindi ya gunia lililopasuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka kulifuata daftari. Haukulipata. Fundi Cherehani alishalirudisha kwapani.

"Lete hilo daftari!" Sululu alifoka, kidevu kikiwa ndani ya wino.

"Sikupi."

"Jina la mke wangu linafanya nini humo?"

"Ndiyo hayo tunataka yasomwe, jirani. Inuka kwanza, unawachafulia watu karatasi zao."

Watu wakacheka. Sululu akainuka, ndevu zimekuwa zambarau.

Kama wewe ndiyo kwanza unatushika leo, sogea karibu nikujuze upesi. Tuko ndani ya ghala la ushirika. Ushirika wenyewe ulishakufa. Limebaki ghala, mizani mibovu ya kupimia magunia, na harufu ya pamba ya zamani. Enzi zile wakubwa walitukusanya wakatuambia ardhi ni yetu sote, tukapiga makofi. Sasa wakubwa wale wale, na vitambi vile vile, wamekuja kutuambia mambo yamebadilika, ardhi ni ya mtu mmoja mmoja mwenye karatasi. Tukapiga makofi tena. Mkulima kazi yake ni kulima na kupiga makofi.

Basi leo ni siku ya kuandikishwa. Na ugomvi ni ukanda wa kisimani: hatua arobaini kwa mia mbili, udongo mweusi, na kisima kisichokauka hata jua lipasue mawe. Kwenye orodha ya ushirika ukanda ule ulikuwa wa Mama Mbegu, mke wa Sululu, aliyekuwa akitunza mbegu za kijiji. Mama Mbegu amekufa, mwaka wa pili sasa. Sululu anasema ukanda ni wa nyumba yake. Fundi Cherehani, jirani yake, ameulima misimu mitano na anasema marehemu mwenyewe alimkabidhi.

Na sheria mpya inasemaje? Kipande kikiwa na wadai wawili wasiopatana mpaka kikao kifungwe, kinaandikwa "mgogoro". Mgogoro unageuka ardhi ya akiba. Na ufunguo wa akiba unao nani? Mwenyekiti. Na nyuma ya Mwenyekiti kuna nani? Kampuni inayotaka kuweka pampu pale kisimani.

Umeelewa? Haya, turudi ghalani.

Afisa Ardhi alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi, uso wa mtu aliyesikiliza kesi thelathini tangu asubuhi. Akaokota mhuri wake.

"Mimi nimetumwa kuandika mashamba," akasema. "Sikutumwa kuamua ngumi. Fundi, lete daftari. Na wewe mzee, ukiruka tena nakufunga kwenye ile mizani."

Fundi akalitoa kwapani. Daftari la kawaida la mistari, jalada limeliwa kona, limefungwa kwa kipande cha lasi. Ni daftari lake la vipimo. Kila mwanamke aliyewahi kushonewa nguo kijijini yumo mle, na ukurasa wake.

"Ukurasa wa Mama Mbegu ni huu," akasema taratibu. "Soma wote, mama. Usiruke kitu."

Afisa akarekebisha miwani. "Mama Mbegu. Tarehe tano, mwezi wa tatu. Kifua, thelathini na nane. Kiuno, thelathini na nne. Nyonga..."

"Jamani!" mwanamke mmoja akashika mdomo.

"Nyonga rudia, mama!" sauti ya kiume ikatoka nyuma kwenye magunia. "Huku hatukusikia!"

Ghala likalipuka kwa kicheko. Mwenyekiti, aliyekuwa amekaa kwenye kiti pekee chenye mto, alicheka mpaka akatoa kitambaa akajifuta macho.

Sululu hakucheka. Alihisi kitu kinamtambaa kifuani kama siafu. Miaka ishirini na saba alilala pembeni ya kiuno kile. Alikijua kwa mkono. Lakini kuwa kina inchi thelathini na nne hakuwahi kujua, wala hakuwahi kuwaza kwamba kina hesabu. Kumbe hesabu ilikuwepo, na ilikuwa kwa mwanamume mwingine, imeandikwa kwa kalamu.

"Ndiyo maana!" akapasuka. "Mwaka ule kila mwezi kwa fundi! Kila mwezi! Gauni moja! Nikamuuliza, mama, gauni moja linashonwa mara ngapi? Akanijibu, mwanamke hupendeza. Apendeze kwa nani? Kwa jembe?"

"Baba, kaa," binti yake akamvuta shati. Ni huyu binti yake wa kwanza, anayeuza mboga sokoni, mwenye subira ya mama yake na ulimi wa baba yake.

"Sikai! Watu wote wasikie! Huyu mshona sketi alikuwa anampima mke wangu kila mwezi!"

"Ni kweli," Fundi akasema. "Kila mwezi."

Mtu akikiri haraka hivyo, hata wambea hukosa pa kushika.

"Endelea, mama," Mwenyekiti akahimiza kwa sauti ya asali. "Ushahidi ni ushahidi. Hata ukiwa mtamu."

Afisa akaendelea. "Tarehe saba, mwezi wa nne. Gauni lile lile, kubana. Kiuno, thelathini na mbili."

Watu wakakohoa.

"Mwezi wa tano, tarehe sita. Gauni lile lile, kubana. Kiuno, thelathini." Akalisogeza daftari karibu. "Mwezi wa sita. Kubana. Ishirini na nane. Pembeni kumeandikwa: weka sponji mabegani, mifupa isionekane."

Sasa hakukohoa mtu.

"Mwezi wa saba. Kubana. Ishirini na sita. Pembeni kumeandikwa..." Sauti ya Afisa ikashuka. "Kumeandikwa: pima akiwa amekaa, hawezi kusimama muda mrefu."

Yule wa kwenye magunia aliyetaka nyonga irudiwe aliinamisha kichwa akawa anachambua uzi wa gunia.

Binti ndiye aliyeelewa kwanza. Alisimama polepole, mkono mdomoni.

"Alikuwa mgonjwa," akasema. "Baba. Mama alikuwa mgonjwa tangu mwezi wa tatu."

"Mwongo," Sululu akajibu, lakini hakuwa anamjibu binti. Alikuwa anaijibu ile mistari. "Aliugua mwezi wa tisa. Alianguka mlangoni, nikambeba mimi. Mwezi wa tisa!"

"Mwezi wa tisa ndipo ulipojua wewe," Fundi akasema.

Ee msomaji wangu, kuna maneno mtu akiambiwa ni heri apigwe kofi.

"Haya, sema!" Sululu akamkaribia, pua kwa pua. "Sema yote, ulichomfanyia mke wangu!"

Fundi hakurudi nyuma. Ni mtu mwembamba, mikono laini ya cherehani, na chaki ya bluu daima kwenye kucha. Kijijini watu humtania kuwa jembe likimwona linacheka.

"Futi haidanganyi, jirani. Alipokuja mara ya pili nikamwambia, shemeji, gauni halijapanuka. Ni wewe unapungua."

"Shemeji yako kwa nani?"

"Nikamwambia, nenda hospitali, mwambie mwenzako. Akanishika mkono..."

"Akakushika?"

"Baba, mwache aseme!"

"Akanishika mkono, akaniambia, hospitali nimekwenda. Wameniambia haiponi. Mwenzangu akijua atauza ng'ombe wa kulimia, atauza mabati ya nyumba, atauza mpaka mlango, na mimi nitakufa vilevile. Watoto wabaki chini ya mvua. Nibanie tu gauni, asione."

Sululu akaushika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Lakini alikuwa na hofu nyingine," Fundi akaendelea, na sasa jicho lake likamhama Sululu likaenda kwenye kile kiti chenye mto. "Mwaka ule ndipo lilipotoka tangazo kwamba shamba lisilolimwa misimu miwili linaandikwa pori, linachukuliwa. Nani alilisoma lile tangazo hapa hapa ghalani? Mheshimiwa. Na Mama Mbegu jembe lilikuwa limemshinda. Akaniomba nimlimie."

"Uongo!" Sululu akafoka. "Nilimwona mimi kwa macho yangu! Kila alfajiri anatoka na jembe begani anakwenda kisimani, mimi nakwenda kwenye pamba juu kule. Jioni anarudi na jembe lina udongo!"

"Udongo nilikuwa naupaka mimi," Fundi akasema. "Yeye alikaa kisimani amejifunika kanga, mimi nalima. Jioni nachovya jembe lake kwenye tope, namkabidhi. Akasema udongo ukikosekana utauliza."

Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti ya chini. Mwingine akamkanyaga mguu anyamaze, naye mwenyewe analia.

Sasa ungedhani wivu wa Sululu ungeishia hapo. Mkewe hakuzini. Mkewe alikuwa mwaminifu kuliko kaburi. Mtu mwingine angepiga magoti akashukuru. Wewe huujui wivu. Wivu haushibi ukweli, unaomba mchuzi.

Maana mwizi wa kitandani Sululu angemjua la kumfanya. Panga lipo. Lakini huyu alikuwa ameiba kitu kingine. Miezi mitano mizima mke wake alikuwa anakufa, na aliyeambiwa ni fundi wa nguo. Siri ile, hofu ile, ule mkono ulioshikwa, vilikuwa vya mume. Yeye alikuwa huko juu kwenye pamba anapiga mluzi.

"Ulijua mwezi wa nne," akasema.

"Mwezi wa nne."

"Na mazishini ukaja ukanipa pole. Ukanishika bega. Ukaniambia, ni ghafla sana, kaka."

"Nilikuwa nimeapa."

"Kwa mke wangu uliapa. Mimi ukanidanganya."

Afisa akagonga meza kwa kalamu. "Poleni wote wawili. Ila jua linapanda. Nyuma ya ukurasa huu kuna maneno na alama ya dole gumba. Nasoma." Akageuza. "Mimi Mama Mbegu, mwanachama wa ushirika, nimemwomba Fundi alime ukanda wa kisimani badala yangu. Mavuno yaende nyumbani kwangu nikiwa hai. Nikifa, nusu ya juu iwe ya Fundi kwa jasho lake. Nusu yenye kisima ibaki ya nyumba yangu. Dole langu hili." Akavua miwani. "Mwandiko ni wa Fundi, dole ni la marehemu. Mimi naona jambo limekwisha. Nusu kwa nusu. Mzee Sululu, ukikubali, nakata vipande viwili sasa hivi. Kila mtu karatasi yake, hakuna mgogoro, hakuna akiba."

Neno moja tu lilihitajika. Nakubali.

Hapo ndipo Mwenyekiti alipoinuka kwenye mto wake. Alimfuata Sululu, akamwekea mkono begani, akaongea kwa sauti ya kunong'ona ambayo ghala zima liliisikia.

"Mdogo wangu, mimi siingilii. Ila tuongee kiume. Kila asubuhi utakuwa unaamka, unatazama ng'ambo ya mpaka, na mwenzio yuko pale anapalilia. Na wewe unajua anajua. Kiuno kwa inchi. Mimi ningekuwa wewe, ningeona heri liende akiba, tukose wote. Heshima nayo ni shamba."

"Mwenyekiti," Afisa akasema kwa ukali, "kaa."

"Mimi nampa pole tu, mama. Mfiwa hupewa pole."

Binti akaja mbele. "Baba, usimsikilize huyu. Mkikosana nyie, kisima anakunywa yeye. Mboga zangu natoa wapi? Wadogo zangu wanakula nini? Sema nakubali. Mama alitaka hivyo. Dole lake hilo."

Sululu akamtazama binti. Akamtazama Fundi. Akalitazama lile daftari lililolala wazi mezani, na mistari ile yenye tarakimu zinazoteremka kama ngazi ya kwenda shimoni.

Akafungua mdomo.

"Naku..." akasema. "Nakubali."

Watu wakashusha pumzi.

"Kwa sharti moja."

Wakaivuta tena.

"Ukurasa huo uchanwe, nipewe mimi. Vipimo vya mke wangu haviwezi kulala kwenye nyumba ya mwanamume mwingine. Nipe ukurasa, chukua nusu yako."

"Hilo dogo," Afisa akasema. "Nikishanakili maneno ya nyuma, ukurasa..."

"Hapana."

Ni Fundi. Aliunyakua mkono wa Afisa pamoja na daftari. Uso ulikuwa umembadilika, kama wa mtu aliyeona moto kwenye paa lake.

"Nusu ya shamba anakupa, fundi," Afisa akamkumbusha.

"Nusu siitaki. Achukue lote. Juu na chini, na kisima, na majani. Naondoa dai langu." Akalifunga daftari, akalikumbatia. "Ukurasa simpi."

Yule wa kwenye magunia, taratibu kabisa: "Kumbeee!"

Kumbe, ndugu msomaji. Kumbe.

Fundi alijua ameshajivua nguo mbele za watu. Akaamua avue zote.

"Sikumgusa zaidi ya futi," akasema. "Naapa mbele yenu. Wala yeye hakujua. Lakini wewe Sululu unanionea wivu mimi? Mimi nimekuonea wivu miaka ishirini. Ulikuwa naye mezani, ulikuwa naye mkekani, amekuzalia watoto wanne. Amekufa, kaburi liko nyuma ya nyumba yako, unalifagia kila Ijumaa watu wakikuona. Mimi nimebaki na ukurasa mmoja. Na huo nao unautaka?"

Nitakwambia kweli: kama Sululu angekuwa na akili ya dakika moja, angenyamaza. Angemshika yule mtu mkono. Walikuwa wagane wawili wa mwanamke mmoja, kama jambo hilo lingekuwa na jina. Lakini Sululu alikuwa ameshinda, na mwenye wivu akishinda hulewa.

"Mmesikia wenyewe!" akapaza sauti, akizunguka na ule wino ndevuni. "Amekiri! Andika, mama, lote langu! Na wewe, mshona sketi, toka. Nenda ukapime wake za watu wengine. Ukifika nyumbani ulale na daftari lako, ulifunike vizuri lisipate baridi!"

Vijana wa nyuma wakacheka. Kicheko kikaenea, maana kicheko cha ghalani ni kama funza, hakichagui mguu.

Fundi akaweka dole kwenye fomu ya kuondoa dai. Akapita katikati ya watu, akachukua baiskeli yake ukutani, akatoka.

Binti alimtazama baba yake kwa jicho ambalo Sululu hakuwahi kulipata kwake. "Umefanya nini, baba?"

"Nimepata shamba lote, mwanangu! Lote!"

"Hebu ngoja," Afisa akasema.

Alikuwa amepiga magoti sakafuni anaokota faili la ukanda wa kisimani, lile lililomwagika Sululu alipotua. Chini ya fomu ya kwanza kulikuwa na karatasi nyingine, nyeupe, ngumu, mpya. Akaisoma mara moja. Akaisoma mara ya pili, kidole kikifuata mstari.

"Mzee Sululu. Mkeo alifariki lini?"

"Mwaka juzi, mama. Mwezi wa kumi."

"Huu ni mkataba. Ukanda wa kisimani wote umekodishwa kwa kampuni, miaka tisini na tisa. Aliyekodisha ni Mama Mbegu. Ameweka dole." Akainua macho. "Tarehe kumi na mbili ya mwezi uliopita."

"Maiti wanasaini siku hizi?" mzee mmoja akauliza.

Mwenyekiti hakutikisika. Watu hawa hawatikisiki, wana mito. "Karani alikosea tarehe," akasema. "Mama aliweka dole lake akiwa hai, karani amekuja kunakili juzi. Kosa la kalamu. Dole ni lake, mimi nilikuwepo. Mwenye kubisha alete dole jingine la marehemu tulinganishe."

"Orodha ya ushirika ina madole ya wanachama wote," binti akasema.

"Ilikuwa nayo. Mchwa hawakuiacha. Tulitangaza hapa hapa, mkapiga makofi."

Afisa akalisogeza lile dole machoni, akalisogeza mbali. "Bila la kulinganishia, sina nguvu. Dai la Fundi lingekuwepo, ningeuzuia mkataba huu kwanza, suala likapelekwa juu likachunguzwe. Lakini dai limeondolewa. Umebaki wewe mrithi peke yako, na mkataba wa marehemu wako. Kwa karatasi hizi, mzee, umerithi shamba lililokwishakodishwa. Utarudishiwa baada ya miaka tisini na tisa."

Sululu akachuchumaa pale pale juu ya mafaili.

"Baba," binti akamtikisa. "Daftari! Nyuma ya ukurasa! Dole la mama, la kweli, liko kwa Fundi!"

Watu wote wakageuka kutazama mlango. Na walipogeuka ndipo walipoona kile kiti chenye mto kiko kitupu. Nje, gari la Mwenyekiti likaguruma.

"Nafunga kikao saa saba kamili," Afisa akasema, na safari hii sauti yake haikuwa ya uchovu. "Daftari hilo likiwa mezani hapa, naufuta mkataba kwa mkono wangu. Lisipokuwepo, sheria inanilazimisha kugonga mhuri. Kimbia, mzee."

Sululu akakimbia.

Kandambili moja ilibaki mlangoni, nyingine ikamtoka kwenye mtaro. Alikimbia na miaka yake hamsini na nane, na goti lake bovu. Mbele yake, kwenye mlima, Fundi alikuwa ameshuka kwenye baiskeli anaisukuma, mgongo umepinda, daftari kwapani. Hatua mia tatu. Hatua mia mbili.

Gari likampita Sululu, likamwachia vumbi la kutosha kupanda mtama. Likamfikia Fundi. Likasimama.

"Fundi!" Sululu akaita, kifua kinawaka. Mwaka wa pili alikuwa akimwombea mtu yule radi. "Fundi! Ndugu yangu! Rudi! Nusu yako ipo! Ukurasa ni wako! Rudi, nakuomba!"

Fundi akageuka. Akamtazama mtu yule anayekuja peku, amejaa vumbi, ndevu za zambarau.

"Dakika hii," akasema, wala hakupaza sauti, "ndiyo nimekuwa ndugu?"

Mlango wa mbele wa gari ukafunguliwa kutoka ndani. "Panda, fundi wangu," Mwenyekiti akasema, akipangusa kiti kwa kiganja. "Jua kali. Na mtu aliyedhalilishwa kama wewe hafai kutembea kwa miguu."

Fundi akailaza baiskeli yake pembeni, juu ya majani, kwa upole kama mtu anayelaza mgonjwa. Akalihamisha daftari kutoka kwapa la kulia kwenda la kushoto.

Akapanda.

Gari halikugeuza kurudi ghalani. Lilipinda kulia, likashika barabara ya kwenda ofisi za kampuni.